Misa: Asili ya Neno na Sarufi Yake

Misa ni neno la Kilatini, missa, lenye mzizi katika kitenzi mittere, yaani kutuma au kuachia mtu aende zake. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa pia missio, asili ya misheni, neno lililobaki hata katika jina la Mvumi Misheni, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma.

Ibada nzima ilipata jina kutokana na maneno ya kuwaaga waumini: Ite, missa est. Ite ni amri kwa watu wengi. -Te yake inafanya kazi ile ile ya -ni katika "nendeni". Est ni "ni". Ugumu uko katikati. Kwa umbo, missa ni "iliyotumwa", katika jinsia ya kike, ndiyo maana wengi wameuliza: ni nini kilichotumwa? Wapo waliojibu sadaka, wengine kusanyiko lenyewe. Majibu hayo yana uzuri wake kiimani, lakini sarufi haiyahitaji. Kilatini cha zama za mwisho za Dola la Roma kilizoea kufupisha nomino za namna hii: collectio ikawa collecta, missio ikawa missa. Basi missa hapa ni nomino kamili, ruhusa ya kuondoka. Mnamo mwaka 500 Askofu Avitus wa Vienne aliandika kwamba watu waliagwa kwa neno hilo makanisani, ikuluni na mahakamani pia.

Kiswahili kiliondoa s moja, kikaiweka Misa katika ngeli ya I-ZI: Misa imeanza, Misa zimekwisha. Hata hivyo si Wakristo wote wa Dodoma wanaolitumia neno hilo. Wakatoliki, ambao eneo lao lilifanywa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 2014, ndio hasa wenye neno hili. Waanglikana wa Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927 na kulelewa na wamisionari wa shirika la kiinjili la CMS kutoka Australia, husema Ushirika Mtakatifu au Meza ya Bwana. Waanglikana wenzao wa Zanzibar na Masasi, waliolelewa na UMCA, shirika lenye mapokeo yaliyo karibu na Ukatoliki, husema Misa. Hapo kinachotenganisha ni mapokeo ya mafundisho, wala si lugha.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za wenyeji zitumike zaidi katika liturujia. Baada ya hapo Wakatoliki wa Dodoma wakaanza kuagwa kwa Kiswahili, lakini ibada yenyewe bado inaitwa Misa.