Rumonge Kabla ya Mvua

Ukitaka kuiona Rumonge ikiwa imependeza, nenda mwishoni mwa Septemba, vumbi likiwa bado halijatulia. Wenyeji watakushangaa. Huo ndio mwisho wa ici, kama Warundi wanavyouita msimu wa kiangazi. Nyasi zimekauka, moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda, na juu ya Ziwa Tanganyika pana utusitusi mzito hata milima ya Kongo ng'ambo haionekani. Nchi yote inasubiri mvua, isipokuwa miombo.

Burundi ni nchi ndogo, kilomita za mraba 27,834; Mkoa wetu wa Tabora unaimeza mara mbili na nafasi bado inabaki. Wengi tunaijua kwa ngoma zake na kwa milima ya kijani. Huku magharibi kuna uso mwingine: uwanda wa Imbo, ukanda mwembamba ulio mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye joto na mvua chache kuliko milimani. Kaskazini yake, kwenye mbuga za mto Rusizi, utakuta mikoche na minyaa mikubwa iliyonyoosha matawi kama kinara cha mishumaa. Nchini Burundi, hapo ndipo palipo karibu zaidi na jangwa.

Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita 75 hivi kuelekea kusini, ziwa mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto. Hujaenda mbali unafika Mugere, penye jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wapo watakaokuapia kwamba hapa ndipo wazungu hao walipokutana. Sisi wa upande wa Ujiji tunajua walikuwa wamekwisha kuonana kwetu wiki mbili kabla, lakini mgeni habishani na mwenyeji.

Hifadhi ya miombo iko kwenye miteremko ya mawe nyuma ya mji, takriban hekta 600 tu. Juu yake iko Vyanda, iliyo kubwa zaidi na yenye sokwe. Kusini, tambarare karibu na ziwa, iko Kigwena, msitu wa miti mirefu na vivuli vizito ambao hauna udugu na miombo. Mimi nilikwenda kwa ajili ya miombo, na wallahi sikujua naijua kidogo kiasi kile, mtu niliyekulia karibu na Urambo.

Majani mapya hutoka mti ukiwa mkavu, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Mti unatumia maji uliyojiwekea shinani na yale yanayovutwa na mizizi mirefu iliyopenya kati ya mawe. Wala majani hayo hayatoki kijani. Mteremko mmoja una rangi ya shaba iliyosuguliwa, wa pili rangi ya nyama ya pera, na mti mmoja katikati umekuwa mwekundu kama uliotiwa hina. Wekundu huo hulikinga jani changa na jua kali hadi likomae. Maua yenyewe ni madogo, meupe yaliyofifia, na huyasikia kabla ya kuyaona, kwa mvumo wa nyuki. Kule Phoenix, Arizona, iko bustani ya mimea ya jangwa iliyoanzishwa 1939, na majira ya kuchipua watu hulipa kiingilio kuona mipungate ikichanua. Hapa nilikuwa peke yangu na mlinzi, na hakuna kibao hata kimoja kinachotaja jina la mti.

Kando ya njia palikuwa na mti mmoja uitwao umurinzi, matawi matupu yenye vishada vyekundu kama makaa. Mti huo ulikuwa na heshima kubwa katika ibada ya kale ya Warundi ya Kiranga, na mlinzi aliupita bila kuugusa. Sikumuuliza kwa nini.

Ukishuka, michikichi inaanza mara moja, karibu iguse hifadhi. Rumonge ni mji wa mawese: mapipa yanayochemka, mashine za kukamulia, sabuni, harufu inayong'ang'ania shati hadi kesho. Ni mji wa Kiswahili pia. Sokoni sikulazimika kutoa Kirundi zaidi ya "amahoro" na "urakoze". Mengine yote yalikwenda kwa Kiswahili chenye ladha ya Kigoma na Uvira. Dagaa huitwa ndagala, na migebuka yetu huitwa mukeke, huchomwa mzima na kuliwa kwa ndizi au ugali. Huwezi kukosea ukiagiza. Ufukweni kuna nyumba ambazo ziwa limeziingia lilipopanda miaka hii ya karibuni. Watoto huvulia samaki palipokuwa ukumbi.

"Mzee, rudi Novemba ujionee," mlinzi aliniambia tulipoagana. Nilidhani anasema maua. Alikuwa anasema uyoga. Mvua ikishika, uyoga huota chini ya miombo, kwa kuwa huishi kwa kushikamana na mizizi yake na haukubali kupandwa shambani, na akina mama huupanga barabarani kwenye vikapu. Kufikia hapo majani yote yatakuwa ya kijani, kama miti mingine tu.