KOBE WETU NA BARIDI YA JULAI

Waama, wahenga hawakukosea waliponena, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mwaka jana mimi niliuacha wangu, nusura nimwue kobe wa babu.

Ndugu msomaji, kwetu ni Limuru. Baridi yetu ya Juni hadi Agosti unaijua: ukungu asubuhi, manyunyu mchana, na usiku nyuzi hushuka hadi karibu 10. Babu anafuga kobe madoa, jina lake Mwendapole, na kibali cha KWS anacho. Kobe huyo ananizidi umri.

Juni hiyo nilisoma kitabu cha Uingereza kilichosema kobe atiwe katika sanduku la nyasi kavu alale mpaka baridi iishe. Babu alikuwa Nakuru kwa shangazi, basi nikafanya vivyo hivyo. Baada ya wiki mbili alirudi akalifungua sanduku. Wee! Mwendapole alikuwa amefumba macho, kamasi zinamtoka puani, anahema mdomo wazi. Babu hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nani alikwambia huyu ni wa Ulaya?" Swali hilo liliniuma kuliko kiboko.

Daktari wa mifugo alimdunga sindano za nimonia, kisha akanieleza kosa langu. Kobe hana joto lake mwenyewe kama sisi. Hulipata kwa jua na mahali alipo. Wako kobe wa Ulaya ambao kwa asili hulala majira yote ya baridi. Kobe madoa ni wa mbuga za Afrika, hana desturi hiyo. Akipoa, tumbo halisagi chakula, na mapafu hushikwa na ugonjwa upesi.

Basi siku hizi tunamtunza hivi:

Kwanza, malazi. Kibanda chake kina sakafu ya mbao iliyoinuliwa na nyasi kavu tele. Nyufa tumeziba. Baridi yenye unyevu ndiyo adui mkubwa, kwa hivyo nyasi zikilowa hubadilishwa siku hiyo hiyo. Usiku naweka kando yake jerikeni ya maji moto niliyoizungushia gunia.

Pili, jua. Likichomoza tu, namtoa nje atembee. Chakula namwekea mbali kidogo ili akifuate, maana kobe asiyetembea hudhoofika.

Tatu, chakula. Ni nyasi, majani ya porini na mpungate. Mkate na ugali, hapana! Humpa asubuhi ili apate joto la mchana la kusagia.

Nne, maji. Mara mbili kwa wiki namweka katika karai la maji vuguvugu yasiyofika kidevuni, anywe. Kisha namkausha vizuri.

Tano, mizani. Kila Jumamosi tunampima dukani. Uzito ukishuka, au kamasi zikionekana, twamwita daktari bila kungoja.

Mwendapole alipona baada ya wiki sita. Julai ya mwaka huu alizunguka shamba kama askari wa zamu.

Tafadhali usiende porini kuokota kobe kwa sababu ya makala haya. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yataka kibali, na porini ndiko kwao. Lakini ukifuga mnyama yeyote, uliza kwanza kwao ni wapi, ndipo ufungue kitabu. Mimi nilianza na kitabu.