Usukani wa joto hupasha mikono, hauondoi usingizi

Iwapo wewe ni dereva na umewahi kupita Gilgil alfajiri mwezi wa Julai, bila shaka unaijua baridi ya huko. Mji huo ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Juni na Agosti hewa ya asubuhi huwa kali, na usukani wa gari lililolala nje huwa baridi kama jiwe la mtoni.

Siku hizi baadhi ya magari yameundiwa dawa ya shida hiyo. Magari mengi tunayonunua nchini ni mitumba kutoka Japani, ambako theluji huanguka katika sehemu nyingi wakati wa majira ya baridi. Ndiyo sababu mengine huja na usukani unaopashwa joto kwa umeme. Mengine yana usukani unaotambua kama umeshikwa na mkono wa mtu. Huenda gari lako lina vifaa hivyo nawe hujui, kwa kuwa kitabu cha maelezo kimeandikwa kwa Kijapani. Tafuta kitufe chenye picha ya usukani na mistari ya mawimbi kama mvuke.

Je, vifaa hivi vina manufaa gani kwa afya na usalama wako? Na ni jambo gani ambalo haviwezi kukufanyia?

Kwa nini vidole hupoa

Mwili unapopigwa na baridi hujilinda kwa kuhifadhi joto la moyo, ubongo na viungo vingine vya ndani. Mishipa midogo ya damu kwenye vidole hujibana na damu inayofika huko hupungua. Vidole hupoa, hukakamaa na mwishowe huingiwa na ganzi. Joto la ngozi ya vidole likishuka chini ya nyuzi 15 hivi za sentigredi, kazi ndogo ndogo kama kuwasha taa au waipa huanza kuwa ngumu.

Hapo ndipo usukani wa joto unaposaidia. Chini ya ngozi iliyoufunika mna nyaya nyembamba ambazo hupata moto umeme unapopita, kama ilivyo kwa pasi. Kidhibiti hukata umeme joto likifika kiwango kilichowekwa. Mikono hupata nafuu kwa dakika chache, ilhali hita ya gari hungoja injini ipate moto kwanza.

Hata hivyo, iwapo vidole vyako hupoa kupita vya wenzako, usifiche dalili kwa joto la usukani. Kuna hali iitwayo Raynaud, iliyopewa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka wa 1862. Mishipa ya vidole hujibana ghafla kwa sababu ya baridi au wasiwasi. Vidole hupauka, kisha huwa na rangi ya samawati, na damu inaporudi huwa vyekundu na kuwasha au kuuma. Kwa ngozi nyeusi, mabadiliko hayo huonekana vyema kwenye kucha na viganja.

Wengi wenye hali hiyo hawana ugonjwa mwingine. Lakini kwa baadhi huwa ni ishara ya maradhi mengine ya mwili, au hutokana na uvutaji wa sigara, mashine zinazotetemesha mikono au baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Mikono baridi pia huweza kutokana na upungufu wa damu. Muone daktari, na usiache dawa yoyote kabla ya kushauriana naye.

Wanaougua kisukari nao wawe waangalifu. Ugonjwa huo huweza kuharibu neva za mikono, na mtu asiyehisi vyema huweza kuungua bila kujua iwapo kidhibiti cha joto kimeharibika.

Usukani unaohisi mguso

Mwili wa binadamu una maji na chumvi, hivyo hupitisha umeme. Utando mwembamba uliowekwa ndani ya usukani hutambua badiliko dogo la umeme mkono unapoukaribia. Magari mengine hayahisi mguso bali hupima nguvu kidogo ambayo mkono hutia katika kuzungusha usukani.

Kifaa hicho hutumiwa katika magari yanayoweza kujiweka yenyewe katikati ya mistari ya barabara. Dereva akiachilia usukani, gari humkumbusha. Kanuni nambari 79 ya Umoja wa Mataifa inataka onyo la kwanza lionekane kabla ya sekunde 15 kupita, na onyo la sauti kabla ya sekunde 30.

Sasa piga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kwa kila sekunde. Katika sekunde 15 litakuwa limepita zaidi ya mita 330. Dereva akisinzia kwa sekunde nne tu, husafiri karibu mita 90 akiwa kama kipofu, na hizo zatosha kuingia upande wa lori linalotoka Naivasha.

Isitoshe, dereva anayesinzia mara nyingi huwa bado ameweka mikono kwenye usukani. Kifaa huhisi mkono na kuridhika. Hakijui kwamba macho yamefumba.

Wengine hukidanganya makusudi. Mwaka wa 2018, idara ya usalama barabarani ya Marekani iliamuru kusitishwa kwa uuzaji wa kifaa kilichofungwa kwenye usukani ili gari lidhani limeshikwa.

Usingizi hauna dawa ila kulala

Madereva wengi hufungua dirisha hewa baridi ya Gilgil iwapige usoni, au huongeza sauti ya redio. Nafuu hiyo ni ya muda mfupi tu. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye gramu 0.05 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Ukiamka saa kumi alfajiri, utafikia hali hiyo saa tatu usiku, hata kama hujaonja tone la pombe.

Saa za hatari zaidi ni kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na tena saa nane hadi saa kumi alasiri. Wanaosimama Kikopey kula nyama choma mchana wakumbuke hayo kabla ya kurudi barabarani.

Yafaa uzingatie haya:

• Ukipiga miayo mfululizo, ukikosa kukumbuka kilomita chache ulizopita au gari likianza kuyumba, simama mahali salama nje ya barabara. Kunywa kahawa kisha lala dakika 15 hadi 20.

• Usivike kava nene kwenye usukani wenye vifaa hivi. Huzuia joto na kutatiza utambuzi wa mkono. Glavu nene nazo huweza kufanya vivyo hivyo.

• Usimruhusu fundi wa kando ya barabara kufungua usukani. Ndani mna mfuko wa hewa unaofumuka kwa kishindo wakati wa ajali.

• Ukinunua gari la mtumba, jaribu vifaa hivyo kabla ya kulipa.

Mikono yenye joto ni jambo jema. Lakini kabla ya kubonyeza kitufe hicho asubuhi, jiulize ulilala saa ngapi.