Nani Kala Mbuzi? Vifaa vya Kusoma Nyayo

Mbuzi akiliwa usiku, asubuhi hulaumiwa mbwa wa jirani. Kabla ya kumlaumu, chukueni rula, daftari, penseli na tochi, mfuatane na mtu mzima.

Rula ndiyo muhimu zaidi. Pimeni nyayo za mbele na za nyuma: za fisi hutofautiana waziwazi, za mbele zikiwa kubwa. Tochi imulikwe kutoka ubavuni, karibu na ardhi, ili vivuli vionyeshe alama za kucha. Mbwa na fisi huziacha. Chui akitembea huzificha kucha zake.

Mkiona kinyesi cheupe kilichokauka, huenda ni cha fisi, kwani hula mifupa. Kigeuzeni kwa kijiti, si kwa mkono! Na nendeni mapema, kabla ng'ombe hawajapita.