Je, Wajua? Mpasuaji wa Yakusu na wanafunzi wake

Je, wajua kwamba daktari aliyefika jirani na Kisangani akiwa bingwa wa upasuaji alikuja kujulikana duniani kwa kutibu ukoma? Stanley Browne, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1907, alianza kazi mwaka 1936 katika hospitali ya misheni ya Kibaptisti ya Yakusu, ukingoni mwa Mto Kongo. Mji wa jirani uliitwa Stanleyville wakati huo, lakini jina hilo lilitokana na Henry Morton Stanley, si yeye.

Kabla yake alikuwapo hapo daktari Clement Chesterman, aliyefika mwaka 1920 na kukuta malale yakimaliza watu. Dawa mpya ya tripasamidi ilitibu hata ugonjwa uliokwisha kuingia ubongoni, ila iliweza kupofusha macho, hivyo ilihitaji mikono makini. Daktari mmoja angewafikiaje watu wote wa mtoni na msituni? Chesterman akawafundisha vijana wa hukohuko kupima damu kwa darubini na kuchoma sindano, akawapeleka kwenye zahanati za vijijini. Browne akayaendeleza mafunzo hayo.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yao kubwa kuliko upasuaji wowote. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja mwenye shahada. Madaktari wengi wa Kibelgiji walipoondoka, waliobaki na wagonjwa wodini ni wauguzi na wasaidizi wa tabibu.

Na ukoma? Huko Yakusu wagonjwa walikuwa wengi mno kuliko vitanda, kikajengwa kijiji chao cha Yalisombo. Katika miaka ya 1950 wakaanza kutibiwa kwa dawa ya dapsoni. Mwaka 1959 Browne alihamia Uzuakoli, Nigeria, na mwaka 1962 yeye na mwenzake Hogerzeil wakatangaza matokeo ya klofazimini kwa wagonjwa wa ukoma. Dawa hiyo ilibuniwa Dublin kwa ajili ya kifua kikuu, ikaonekana haifai. Leo ni mojawapo ya dawa tatu zinazotumiwa pamoja kutibu ukoma kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani.

Browne alifariki mwaka 1986, lakini ukoma bado upo Kongo. Ukiona baka kwenye ngozi lisilohisi mguso, nenda kituo cha afya mapema: ukoma hupona, na dawa hutolewa bure.