Je, Wajua? Fremu Moja Tupu Hupunguza Mkopo Wako kwa Mamilioni

Tuseme una jengo la fremu sita Kariakoo, kila moja ikilipiwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka unapata milioni 36. Toa milioni 6 za matengenezo, ulinzi na gharama nyingine. Zinabaki milioni 30. Benki nyingi hutaka pato hilo liwe angalau mara 1.25 ya marejesho ya mwaka. Kwa hiyo marejesho yako hayawezi kuzidi milioni 24, yaani milioni 2 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 16 na muda wa miaka 10, hapo unapata mkopo wa takriban milioni 119.

Sasa mpangaji mmoja ahame, na gharama zibaki zilezile. Pato linashuka hadi milioni 24, na mkopo hadi milioni 95 hivi. Pengo la laki tano kwa mwezi limekula karibu milioni 24 za mtaji!

Ndiyo maana ofisa mikopo huisoma mikataba ya pango kwa makini. Mkataba wa miaka mitatu uliosainiwa una uzito zaidi kuliko kodi kubwa ya makubaliano ya mdomo. Kilemba, yaani malipo ya mkupuo ya kuingilia fremu, kisichoandikwa popote hakihesabiwi, hata kiwe kinono vipi. Na mpangaji mfanyabiashara akikata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango anayokulipa, mdai cheti chake: kinathibitisha pango uliyopokea, nacho benki hukiamini.