Ndigana kali: hasara inayozidi mzoga

Dalili ya kwanza ni mitoki kuvimba chini ya sikio. Homa inapanda, ng'ombe anaacha kula, maziwa yanakatika, na mwishoni mapafu hujaa maji hadi povu linamtoka puani. Asipowahiwa na dawa, mara nyingi hufa ndani ya wiki tatu au nne tangu kupe amuume.

Kimelea chenyewe, Theileria parva, huletwa na kupe wa kahawia anayependa kunyonya ndani ya sikio. Huvamia chembe nyeupe za damu na kuzifanya zizaliane ovyo, mithili ya saratani.

Watafiti walikadiria kuwa mwaka 1989 pekee, katika nchi 11 za Afrika, ugonjwa huu uliua ng'ombe milioni 1.1 na kusababisha hasara ya dola milioni 168 za Marekani. Humo mna nyama, maziwa, tiba na gharama za kuogesha mifugo. Lakini ipo hasara nyingine, nami naiona kubwa zaidi: woga. Ng'ombe chotara wa maziwa ndiye anayeshambuliwa vibaya kuliko wa kienyeji. Mfugaji aliyekwisha kuzika mtamba mmoja wa bei kubwa hathubutu kununua wa pili. Anabaki na ng'ombe wa lita mbili kwa siku, na maziwa ambayo yangelipa karo hayakamuliwi kamwe.

Kinachouma ni kwamba kinga ipo. Iligunduliwa Muguga, karibu na Nairobi, na kukamilishwa miaka ya 1970: ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, akaugua kidogo, kisha akajenga kinga ya miaka mingi, aghalabu ya maisha. Kaskazini mwa Tanzania, wafugaji wa Kimaasai wamechanja kwa wingi, na ng'ombe mwenye hereni ya chanjo hupata bei nzuri mnadani.

Tatizo ni safari. Chanjo huhifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja, wenye dozi zipatazo 30 hadi 40, ukishayeyushwa hutumika ndani ya saa chache tu. Mwenye mifugo 200 anaumaliza zizini kwake. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kumwita daktari peke yake. Hapo ndipo ushirika wa maziwa na halmashauri wanapotakiwa: watangaze siku moja kwa kijiji kizima, walipie mafuta ya gari na naitrojeni, mfugaji alipie dozi yake.